Tufani Iliyogeuzwa Ukutani

Nasra alinipigia simu asubuhi, sijamaliza hata kikombe cha chai, akaniambia, "Rukia, njoo ukae na mimi." Mumewe alikuwa amefariki, mazishi yamekwisha, wageni wa matanga wameshachukua masufuria yao na kurudi makwao, na yeye kabaki ndani ya nyumba ile kubwa ya Al Khuwair, hapa Maskati, akianza eda. Wanawe wana kazi zao, na foleni zao za barabara kuu. Mimi ni mjane wa siku nyingi, nimestaafu, sina wa kumpikia. Nikatia nguo mkobani nikaenda. Mtumishi alinifungulia mlango, nikapita chumba cha kulia, na hapo nikasimama. Ukutani, juu ya kabati la vyombo, palikuwa na fremu iliyogeuzwa, karatasi yake ya kaki ya mgongoni ikitutazama, imechanika kidogo pembeni pale ilipochanika tangu zamani. Watu wengine hutambua picha kwa uso. Ile mimi naijua kwa kisogo.

"Bado unayo?" nikamuuliza Nasra, hata salamu za mfiwa sijamaliza.

"Nimpe nani? Watoto hawaitaki, wanasema inatisha. Nimeigeuza siku waliyokuja watu kusoma khitma, kisha nikaiwacha vivyo hivyo. Si ndivyo alivyofanya mama?"

Ndivyo alivyofanya mama yake. Mama yake ni Shangazi Zuwena, dada wa baba yangu, na nilikaa naye eda yake nilipokuwa msichana, kama ninavyokaa sasa na binti yake. Ameshakufa miaka mingi. Alikufa na swali moja kuhusu picha ile, swali aliloniuliza kila tulipokutana mpaka akawa hawezi tena kukaa kitandani bila kuegemezwa: mumewe alipokuwa akiitazama, alikuwa akicheka? Na mimi kila mara nilimjibu jibu la kumfurahisha, bila kuujua ukweli. Nilikaa na Nasra sebuleni tukanywa kahawa, akanisimulia habari za ugonjwa wa mumewe, nami namsikiliza kwa sikio moja. Sikio jingine lilikuwa chumba cha kulia, mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ya nyumbani kwetu Unguja nayaacha. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza shule, nakaa bure, na kukaa kwangu bure kulimuudhi kila mtu. Ikaja habari kwamba Bwana Hilal, mume wa Shangazi, amefariki Maskati, na Shangazi yuko edani peke yake kwa sababu Nasra, mtoto wao pekee, kaolewa na anafanya kazi ofisini. Anatakiwa msichana akae naye mpaka eda iishe, kisha arudi kwao. Kwetu mjane haachwi peke yake. Lazima awepo mwanamke wa damu yake, alale naye chumba kimoja, ale naye, amfungulie wageni. Nikachaguliwa mimi. Jambo ambalo hakuna anayekuambia ni kwamba na wewe unaingia eda. Hupati hata haki ya kulisema, maana hukufiwa na mtu, lakini asiyetoka ni asiyetoka, uwe na mume kaburini au usiwe naye.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Dirisha la jikoni lilitazama ubavu wa duka moja la vioo vitupu, na ndani yake magari mapya yamewashiwa taa mchana kutwa. Wanaume wa kanzu huja, hufungua mlango wa gari, huingia, hushika usukani, hukaa kidogo, hutoka, huufunga mlango taratibu, huondoka. Niliwatazama nikiosha vyombo. Hiyo ndiyo iliyokuwa Maskati yangu. Bahari sikuiona, na mimi ni mtu wa kisiwani, siku ya kwanza tu niliuliza, "Shangazi, bahari iko upande gani hapa?" Alinitazama kama niliyetaja jambo la aibu mbele ya wageni. "Kwani wataka samaki?" akasema. "Samaki wanaletwa mlangoni." Sikuuliza tena. Chumba chetu cha kulala kilikuwa upande wa nyuma, mapazia mazito, kiyoyozi kikinguruma na kudondosha maji ndani ya ndoo niliyoimwaga kila asubuhi. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyovishwa plastiki. Na katikati ya nyumba kulikuwa na chumba cha kulia, ambacho hakikuwa na dirisha, na ambacho tulikaa zaidi kuliko vyumba vyote.

Meza ilikuwa ya watu sita na tulikula wawili. Shangazi alikaa mahali pake, mgongo kwenye ukuta ulipokuwa na fremu iliyogeuzwa. Ng'ambo ya meza, kuuelekea ukuta ule, kulikuwa na kiti cha Bwana Hilal, cha mikono, na hicho hakikukaliwa na mtu. Mimi niliwekwa ubavuni. Wali, mchuzi wa papa, ndimu, pilipili ya kusaga. Jioni mkate wa ufuta na maharage. Ijumaa Nasra alileta halwa na bakuli la boko boko, ule uji mzito wa ngano na nyama, lililofunikwa kwa taulo. Shangazi alipika vizuri mpaka unaona uchungu, maana chakula kizuri hivyo kilistahili watu wa kukisifu, na alikila macho yakiwa sahanini. "Chumvi imekolea?" huniuliza. "Imekolea, Shangazi." Basi. Hayo ndiyo mazungumzo ya mchana, na ya jioni ni hayo hayo. Wageni walipokuja walizungumza naye Kiarabu, kisha mmoja hunigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili kama nimeshaposwa. Nilikuwa mpweke kiasi ambacho sijawahi kuwa tena, hata nilipofiwa na mume wangu mwenyewe. Ilifika wakati nikawa nasema maneno peke yangu bafuni, majina ya mitaa ya Mji Mkongwe, ili nisikie sauti yangu bado ipo.

Picha niliigundua kwa kufuta vumbi. Shangazi alikuwa na desturi ya kulala baada ya sala ya adhuhuri, na mimi sina la kufanya nikachukua kitambaa. Nilipoinua fremu nikaona kuna kitu upande wa pili, nikaigeuza, na karibu niiangushe kwa kucheka. Ilikuwa meli, lakini imechorwa kwa ndani, chumba cha abiria, na tufani imeilaza mpaka sakafu imekuwa mlima. Meza imeandaliwa chakula na chakula chote kinaondoka. Bata wa kuchoma yuko hewani. Bwana mmoja mnene mwenye pua nyekundu anakinga supu kwa kofia yake. Kasisi amepiga magoti kakumbatia mguu wa meza, hujui anamwomba Mungu au anajishikilia tu. Bibi mmoja, kofia imemfunika uso, amemkalia mzee asiyemjua. Vijana wawili wametazamana, kila mmoja anataka kumtapikia mwenziwe lakini adabu inawazuia. Kasuku yuko nje ya tundu lake, amelikumbatia. Mlangoni kasimama baharia, mikono kiunoni, anawacheka wote. Chini ya picha kulikuwa na maneno ya Kizungu ya mwandiko wa kujipindapinda, nami kwa Kiingereza changu cha shule nikapata tu kwamba yanasifu raha za safari ya bahari. Miaka mingi baadaye mtoto mmoja wa Nasra, aliyesomea mambo hayo, alituambia ni katuni ya karne ya kumi na tisa, ya kuwadhihaki Wazungu matajiri waliojifanya wasafiri. Mimi sikujua hayo na sikuhitaji kujua. Nilijua tu kwamba nimepata watu.

Basi ikawa ndiyo ada yangu. Shangazi akilala, mimi naigeuza tufani, nakaa chini sakafuni, natazama. Yule mnene nikampa jina la mwalimu wetu mkuu. Kasisi nikamfanya shekhe mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa mwoga wa radi. Niliwajua mpaka vifungo vya makoti yao. Rangi zilikuwa zimetiwa kwa mkono, na aliyetia alikuwa na haraka: wekundu wa koti la yule mnene ulimwagikia shavu la jirani yake, na kijani cha kasuku kilikuwa nusu kwenye kasuku na nusu ukutani. Na ilikuwa siku za mbele sana, nilipokuwa nimeshawazoea wote, ndipo nikamwona mwanamke wa pembeni. Alikuwa chini kabisa, mkono wa kushoto, amekaa sakafuni ameegemea ubao, amepakata kifurushi cha nguo. Mchoraji hakumdhihaki. Pua yake ni pua tu, macho kayafumba. Na mtia rangi alimsahau. Amebaki na rangi ya karatasi, mweupe, katikati ya zile kelele. Sikumpa jina. Nilikuwa nikimtazama mwisho, baada ya wote, kisha naigeuza picha na kwenda kubandika chai.

Eda ikafika mwisho. Nasra alikuja asubuhi na nguo mpya ya hariri ya zambarau, na pamoja naye Bi Moza, jirani wa Kizanzibari, mwanamke wa maneno mengi aliyezijua ada zote na nyingine akizitunga mwenyewe. Katika ukoo wetu mjane akitoka edani huogeshwa, hufukizwa udi, kisha hupelekwa ufukweni akatie miguu baharini. Si dini, ni ada tu, wala si ya kila mtu, lakini kwa wazee wetu asiyekwenda baharini hahesabiwi kuwa ametoka. Mimi nilikuwa nimefunga mkoba wangu tangu jana yake. Nyumba ilikuwa imejaa moshi wa udi, na Bi Moza akapita chumba cha kulia akanyoosha mkono kwenye fremu.

"Na hii nayo itoke eda," akasema.

"Iwache!" Shangazi alikuwa mlangoni, bado na nguo zake za eda. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Iwache kama ilivyo. Na mimi siendi popote."

"Mama, gari iko nje," Nasra akasema. "Ni dakika chache tu, tunakwenda ufukweni Qurum, tunarudi. Yalla."

"Nshasema siendi. Nna nyumba yangu, nnakaa ndani yangu. Khalas."

Wakambembeleza, wakakasirika, wakambembeleza tena. Alikaa kwenye kiti chake, mgongo ukutani, mikono mapajani, kama mtu anayengoja hukumu ya wengine. Hatimaye walihamia jikoni, na mimi niliyekuwa nimebeba sinia ya vikombe nikasimama ukumbini nikasikia yote.

"Keshachanganyikiwa huyu," Bi Moza alisema. "Mjane anayekataa kutoka! Wallahi sijapata kuona."

"Nifanyeje, nimburute? Na nikimlazimisha akaja kwangu, si atakaa chumbani vile vile?"

"Na huyu mtoto je? Si alitakiwa arudi kwao?"

"Rukia? Rukia atakaa. Kwani ana shughuli gani huko?"

Nilisimama na sinia ile mpaka mikono ikaniuma. Ana shughuli gani huko. Nasra hakuwa mtu mbaya, na yeye mwenyewe nilipomkumbusha miaka ya baadaye hakukumbuka hata kidogo. Lakini siku ile nilielewa kwamba kurudi kwangu kumefungwa kwenye miguu ya Shangazi. Asipoitia baharini, na mimi sitoki. Nilirudisha nguo zangu kabatini. Jua la Maskati likaja lile la kiangazi, ambalo hata paka hawatoki, na sisi tukaendelea na papa na ndimu na chumvi imekolea, siku juu ya siku. Nilimchukia. Nilimpikia chai nikimchukia, nilimpaka mafuta magotini nikimchukia. Na yeye, nadhani, alijua, na hakunilaumu. Wakati mwingine aliniwekea kipande kizuri cha samaki sahanini mwangu, na hilo likanizidishia hasira.

Siku aliyonikuta ilikuwa mchana kama michana mingine. Nilikuwa sakafuni na tufani yangu. Sijui nilikumbuka nini, nadhani niliwaza yule kasuku ndiye Bi Moza, na nikacheka kwa sauti, kicheko cha kweli, cha tumboni. Nilipogeuka Shangazi amesimama mlangoni, kanga begani, hana viatu.

"Wacheka n'ni?"

Nikaokota kitambaa cha vumbi.

"Nakuuliza wewe. Wacheka n'ni? Na wewe waicheka?"

Nilidhani atanipiga, nikasimama kujitetea kwa maneno ya kijinga, kwamba nilikuwa nafuta vumbi. Hakunisikiliza. Alivuta kiti chake, akakaa vile vile alivyozoea, mgongo kwa picha, akaanza kuzungumza akiitazama meza. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko miezi yote niliyokaa naye.

"Sie tulikuja na meli. Nasra bado hajazaliwa. Nilikuwa na mtoto mchanga, mwanamme, Salim. Homa imemshika tangu siku ya pili. Kisha bahari ikachafuka, mwanangu, bahari ikachafuka, watu wote walala chini wanatapika, hujui mwanamke hujui mwanamme. Mimi sijiwezi, kichwa sikiinui. Nimempakata tu. Kisha nikapotewa na fahamu. Nilipozindukana mikono mitupu. Nikamuuliza Hilal, mtoto yuko wapi? Akanambia, 'Keshakwenda, Zuwena. Tumeshamsalia.' Wameshamtia majini, na mimi sikuona. Hilo ndilo neno alilonambia, na mpaka anakufa hakuniongeza jengine. Hata jina lake hakulitaja."

Aliifuta meza kwa kiganja, na meza ilikuwa safi.

"Basi tukakaa, tukampata Nasra. Siku moja anarudi kutoka sokoni Mutrah, kuna Mzungu anahama kauza vyombo vyake, anakuja nayo hiyo kwapani. Meli! Watu wanatapika! Kaitundika hapo mbele ya uso wake. Kila akila, yuwaitazama. Mimi nikahamia kiti hiki, niipe mgongo. Na nikiwa jikoni nnamsikia yeye na Nasra, mtoto mdogo kampakata, wanacheka. Wanacheka kweli kweli. Miaka yote hiyo, Rukia, nimekula na mtu anayeicheka siku yangu ile."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize n'ni?" akasema. "Alipokufa, Mungu anisamehe, kitu cha mwanzo nimefanya nimeigeuza. Nikawaambia watu ni kwa sababu ya eda."

Eda haina sharti la picha. Hilo nilikuja kuliuliza baadaye. Alikuwa amejipatia ruhusa, na ruhusa hiyo hakutaka iishe, wala bahari hakutaka kuikanyaga. Sikuwa na hekima ya kumpa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimekaa miezi nikiitazama picha ile kuliko nilivyomtazama yeye, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni kile nilichokiona. Nikamwambia, "Shangazi, umemwona yule mwanamke?"

"Mwanamke yupi?"

"Wa pembeni. Yeye hachekeshi."

Hakuamini. Kisha akageuka kwenye kiti, kidogo kidogo, kwanza shingo na baadaye mwili, na nikaweka kidole changu kwenye kioo, chini, mkono wa kushoto. Aliniomba miwani yake. Nikamletea. Akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa ncha ya kanga, akatazama tena. Wale wengine wote, bata, kasisi, supu, hakuwaona kabisa. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia: alizunguka meza akaenda kukaa kwenye kiti cha Bwana Hilal, akaweka mikono yake kwenye mikono ya kiti, akatazama ukutani kutoka pale. Nami nikasimama nyuma yake nikaona alichokiona. Ukikaa pale, kwa taa ya chumba kile isiyokuwa na dirisha, rangi zote zinachanganyika. Kitu kinachong'aa ni yule asiyepakwa rangi.

"Hilal alikuwa akimtazama huyu?" akaniuliza. "Eti Rukia? Au alikuwa akiwacheka hawa?"

"Yeye, Shangazi," nikasema. Na sikujua.

Jioni ile alikula kwenye kiti kile, na mimi nikahamishwa kukaa mbele yake, mgongo kwa picha. Alizungumza. Aliniambia pilipili nimetia nyingi, aliniuliza mama yangu bado anaumwa na jino lile, na akanisimulia habari ya harusi yake mpaka chai ikapoa. Mkate wa ufuta ulikuwa mkavu wa jana na nilikula vipande vingi kuliko haja yangu ili tu nisiinuke. Ijumaa iliyofuata Nasra alipokuja na bakuli lake, Shangazi alimwambia, "Nipeleke. Lakini si Qurum, kwenye watu. Nipeleke mahali pasipo na watu." Tukaenda ufukwe wa Yiti, njia ya milimani, Nasra anaendesha na hajui kilichombadilisha mama yake, na hakuambiwa. Tulipofika alibaki garini akimwonea haya mama yake, au akiona haya mwenyewe, sijui. Mbuzi walikuwa wakizunguka kwenye mawe. Shangazi alinipa viatu vyake, akaingia na nguo ile ya zambarau mpaka magotini, akasimama. Nilisikia akitaja jina la mtoto, mara moja, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha akarudi, akavaa viatu miguu ikiwa na mchanga, na akaniambia, "Sasa na wewe nenda kwenu, mwanangu."

Nilikwenda, ingawa sikwenda mara moja. Nilikaa mpaka mwaka ukaisha, na safari hii ilikuwa kwa kutaka mwenyewe. Nikarudi kwetu, kisha nikaja kuolewa Maskati na nimeishi hapa tangu hapo, na kila nilipomtembelea Shangazi, baada ya salamu na kahawa, watu wakishatoka, huniinamia akaniuliza, "Rukia, wewe waonaje? Alikuwa akimtazama yeye?" Nami: "Yeye, Shangazi." Hakuridhika hata siku moja. Alijua kwamba mimi simjui Bwana Hilal, sikuwahi hata kumwona. Alihitaji kusikia kutoka kwa mtu aliyekuwepo.

Jana, baada ya kula, Nasra aliniambia, "Igeuze basi tuione, nimechoka kutazama makaratasi." Watumishi walikuwa wamelala, nyumba kimya, ng'ambo ya ukuta magari ya barabara kuu yakivuma. Nikapanda kwenye kiti, magoti yakilalamika, nikaigeuza. Wote walikuwepo. Yule mnene na supu yake, kasisi na mguu wake wa meza. Nasra akaanza kucheka, cheko la kwanza tangu mazishi, akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Baba alikuwa ananipakata pale kwenye kiti chake," akasema. "Mimi bado sijaanza hata shule. Kila mmoja kampa jina. Yule mnene ndiye yeye. Kasuku alikuwa Bi Moza."

"Kasuku alikuwa Bi Moza?"

"Wallahi. Tunacheka, mpaka mama anatupigia kelele kutoka jikoni. Nilikuwa nawatia kidole mmoja mmoja kwenye kioo, huyu nani, huyu nani. Ila yule pale chini." Aliunyoosha mkono, na bila kujijua akausimamisha kabla haujafika. "Yule hakuniachia nimguse. Alinishika kidole. Akanambia, 'Huyo mamako. Mwache, kachoka.' Na nisiseme kwa sauti, mama asisikie. Nami nikashangaa, mama mwenyewe yuko jikoni anaosha masufuria, kachoka wapi?"

Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwenda kumwambia Shangazi. Nilishuka kwenye kiti, nikatafuta viatu vyangu, nikavaa kimoja. Ndipo nikakumbuka. Nikabaki nimekaa na kiatu kimoja mguuni, nikalia jinsi ambavyo sikulia siku ya kumzika. Nasra alidhani namlilia mumewe, akanishika bega akaniambia, "Basi, Rukia, basi." Miaka yote jibu lilikuwa kwa mtoto aliyekatazwa kusema, na mimi na Shangazi hatukuwahi kumuuliza, kwa sababu hatukutaka ajue kwamba aliwahi kuwa na kaka.

Niliifuta pua. Nikamvuta Nasra karibu na ukuta, nikashika kidole chake cha shahada, mkono wa mwanamke mzima wenye mishipa kama wangu, nikakiweka kwenye kioo, chini, mkono wa kushoto, juu ya kile kifurushi cheupe.

"Huyu aliyepakatwa," nikamwambia, "ana jina."